Ofseti ya rimu: je, 18x8J +35 zinafaa kwa Forester iliyotoka kiwandani na 17x7J +48?

Mlima_Uluguru (Morogoro)

Wakuu, nawasalimu nyote. Nina Subaru Forester ya mwaka 2009, ile ya umbo la tatu ambayo wengi tunaiita SH, na bado inatembelea rimu ilizotoka nazo Japani. Nyuma ya spoku pameandikwa 17x7J na +48, na tairi zake ni 225/55R17. Rimu mbili zimepinda kwa sababu ya mashimo, na moja kati ya hizo imekwisha kuchomelewa, kwa hiyo nimeamua kununua seti nzima ya mtumba badala ya kuendelea kunyoosha kitu ambacho hakitanyooka tena.

Huko Gerezani, Dar es Salaam, nimeoneshwa seti ya aloi ya inchi 18 iliyo katika hali nzuri, imeandikwa 18x8J +35, matundu matano kwa kipimo cha 100, yaani matundu ya nati yamepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Muuzaji alinieleza kwamba matundu yakikubali basi rimu imekubali, na kwamba hiyo +35 ni namba ya kiwandani isiyonihusu. Mwenye duka la jirani akanitolea nyingine, 18x8.5J +48, akasema hizo ndizo salama kwa kuwa namba yake inafanana na ya rimu zangu. Niliporudi Morogoro na kumsimulia fundi wangu, yeye akasema ninunue zozote nizipendazo, kwani tutafanya alaimenti zikae sawa, na zikigusa tutaweka spesa, lile bamba linalokaa kati ya rimu na gari.

Ninaomba mwenye ujuzi anifafanulie namba hiyo inapima nini hasa, na nitajuaje kabla ya kutoa fedha kama tairi itagusa shokapu kwa ndani au madigadi kwa nje. Gari hili halichezewi mashindano. Mara nyingi linabeba watu watano na mizigo kwenda Ifakara, na safari hiyo mnaijua.

Fundi_Kiwalani (Dar es Salaam)

Ndugu Mlima_Uluguru, kati ya hao watatu hakuna aliyekupa jibu kamili, na huyo mwenye duka la pili, ambaye maneno yake ndiyo yanayosikika kuwa ya busara, ndiye aliyetaka kukuuzia rimu zenye hatari zaidi. Nitaeleza kwa nini.

Ofseti ni umbali, unaopimwa kwa milimita, kutoka kwenye mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso wa rimu unaolalia habu, kile kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake. Chora akilini mstari unaoigawa rimu nusu kwa nusu, upande wa ndani ya gari na upande wa barabarani. Uso wa kufungia ukiwa juu ya mstari huo huo, ofseti ni sifuri. Ukisogea upande wa barabarani, ofseti ni chanya, na sehemu kubwa ya rimu hukaa ndani, chini ya gari. Ukisogea upande wa ndani, ofseti ni hasi, na rimu hutokeza nje. Wajapani hupiga chapa namba hiyo kwa alama ya kujumlisha, na Wajerumani huitanguliza kwa herufi ET, ambazo ni kifupi cha Einpresstiefe, kwa hiyo ukikuta +48 kwenye rimu moja na ET48 kwenye nyingine usidhani ni vipimo viwili tofauti.

Kila gari lina namba yake kwa sababu mhandisi aliipanga pamoja na habu, shokapu na usukani. Forester yako ilipewa 48, ilhali Hilux ya umbo la miaka ya 2005 hadi 2015 ilipewa 30. Haina maana ya kusema 30 ni mbaya au 48 ni nzuri.

Jambo ambalo wauzaji wengi hulipita ni kwamba ofseti haisemi lolote mpaka isomwe pamoja na upana. Huo upana wa inchi 7 au 8 hupimwa pale midomo ya tairi inapokaa, na herufi J inaonesha umbo la ukingo wake. Ili ujue rimu inaingia ndani kiasi gani, chukua nusu ya upana kwa milimita, kisha ujumlishe ofseti. Ili ujue inatoka nje kiasi gani, chukua nusu ile ile, kisha utoe ofseti.

Tuanze na rimu zako za sasa. Inchi 7 ni milimita 177.8, na nusu yake ni 88.9. Kwa ndani, 88.9 ukijumlisha 48 unapata 136.9. Kwa nje, 88.9 ukitoa 48 unapata 40.9. Hizo mbili ziandike pembeni, maana kila rimu utakayooneshwa utailinganisha nazo.

Seti ya kwanza ya 18x8J +35: inchi 8 ni milimita 203.2, na nusu yake ni 101.6. Kwa ndani unapata 136.6, yaani ukingo wa rimu unabaki karibu mahali pale pale ulipo leo, tofauti ni chini ya nusu milimita. Kwa nje unapata 66.6, yaani ukingo unatokeza milimita 25.7 zaidi ya ilivyo sasa. Kwa hiyo hofu ya shokapu iondoe. Swali lililobaki ni madigadi.

Seti ya pili ya 18x8.5J +48: nusu ya upana ni 107.95. Kwa ndani unapata 155.95, yaani rimu inaisogelea shokapu kwa milimita 19 zaidi, na kwa nje inatoka milimita 19 vilevile. Mbele gari lako lina shokapu iliyosimama pamoja na springi yake, na kikombe kinachoibeba springi kiko karibu na bega la tairi. Sijawahi kuona SH yenye nafasi ya milimita 19 za kugawa bure mahali hapo. Namba ni ile ile ya kiwandani, lakini kwa kuwa rimu imepanuka inchi moja na nusu, upanuzi umegawanywa sawa kwa pande zote mbili, na upande wa ndani hauna pa kuupokea.

Kuhusu alaimenti, fundi wako anachanganya mambo mawili. Alaimenti hurekebisha mwelekeo na mlalo wa gurudumu. Hailisogezi gurudumu kuingia au kutoka. Anaweza kuulaza mguu kidogo ili juu paingie ndani, lakini hapo utalipa kwa tairi kulika upande mmoja. Na spesa, kazi yake ni kupunguza ofseti tu: ukiweka ya milimita 20 kwenye rimu ya +48, umeifanya iwe ya +28. Inaweza kuiondoa rimu kwenye shokapu, lakini haiwezi kuiondoa kwenye madigadi.

Bonde_la_Ufa (Nakuru)

Hesabu za Fundi ni sahihi na ninamshukuru, ila ningependa kuongeza kwamba amezungumzia ukingo wa rimu, na kinachogusa madigadi aghalabu ni tairi. Vitu hivyo viwili havisogei kwa kiasi kimoja.

Tairi ile ile ikifungwa kwenye rimu pana zaidi, kuta zake hufunguka. Kanuni inayotumiwa na watu wa tairi ni kwamba kila nusu inchi ya upana wa rimu huongeza takriban milimita 5 kwenye upana wa tairi. Kwa hiyo tairi ya 225 ikitoka kwenye rimu ya 7J na kuingia kwenye 8J itapanuka kama milimita 10, ambazo ni 5 kila upande. Katikati ya gurudumu nako kumehamia nje kwa tofauti ya ofseti, 48 kutoa 35, yaani milimita 13. Ukijumlisha, tumbo la tairi upande wa nje litatoka kama milimita 18, wala si 25.7, na upande wa ndani litajitenga na shokapu kwa kama milimita 8 zaidi ya ilivyo leo.

Hizo tofauti mbili zinakuambia kitu kingine pia. Ikiwa ukingo wa rimu umetoka milimita 25.7 na tairi imetoka 18 tu, basi ukingo umekaribia kulingana na ukuta wa tairi, na ile kinga ndogo uliyokuwa nayo unapoegesha kando ya barabara yenye ukingo wa zege imekwisha. Huku Nakuru rimu nyingi ninazoona zimekwaruzwa duara zima ni za namna hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo katika mazungumzo ya rimu huwa halitajwi, nalo ni usukani. Gurudumu la mbele linapogeuka, halizunguki juu ya mstari wake wa katikati. Linazunguka juu ya mhimili unaopita juu kwenye shokapu na chini kwenye boljointi, ukiurefusha hadi ardhini. Mahali mhimili huo unapogusa ardhi na mahali katikati ya tairi inapogusa ardhi pana umbali mdogo ambao kiwanda kiliupima kwa makusudi. Ukipunguza ofseti kwa milimita 13, umeihamisha katikati ya tairi kwa milimita 13 kutoka kwenye mhimili ule, na kila shimo, kila tuta na kila mahali ambapo tairi moja iko kwenye lami na nyingine kwenye changarawe, nguvu inayovuta usukani inapata mkono mrefu zaidi. Dereva huhisi usukani umekuwa na tabia ya kufuata mifereji ya malori, na hasa akikanyaga breki ambapo upande mmoja una mchanga. Ni kama kufungua nati kwa wili spana ndefu: nguvu ni ile ile, lakini inafanya kazi zaidi.

Beringi za habu nazo hubeba uzito kwa mkono huo huo uliorefuka. Milimita 13 haziui beringi kesho, na mtu anayeendesha mjini peke yake anaweza kukaa nazo miaka mingi bila kulalamika. Lakini ndugu amesema anabeba watu watano na mizigo kwenye njia mbovu, na kwa matumizi hayo mimi nisingevuka tofauti ya milimita 10 kutoka kwenye ofseti ya kiwandani, iwe kwa rimu au kwa spesa.

Jambo dogo la mwisho kuhusu inchi 18. Tairi inayolingana kwa kimo ni 225/50R18, ambayo ina kipenyo cha karibu milimita 682 dhidi ya 679 za 225/55R17, kwa hiyo spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kuhangaisha. Hata hivyo ukuta wa tairi unashuka kutoka karibu milimita 124 hadi 112.5, na rimu ulizo nazo zimepinda zikiwa na huo ukuta mrefu. Vilevile tairi nyingi za 225/55R17 zina namba ya uzito 97, ambayo ni kilo 730 kwa kila tairi, ilhali 225/50R18 za kawaida huwa na 95, ambayo ni kilo 690. Soma ubavuni kabla ya kulipa.

Mlima_Uluguru (Morogoro)

Nawashukuruni sana, kwani kwa mara ya kwanza ninaelewa ninachosoma nyuma ya rimu. Nimefuata maelezo yenu na kupima gari langu. Nimening'iniza uzi wenye nati kutoka kwenye ukingo wa madigadi ya mbele, usukani ukiwa umenyooka na gari limesimama mahali tambarare, na uzi umepita takriban milimita 15 nje ya tumbo la tairi. Nyuma nafasi ni kubwa kidogo kuliko hiyo. Kwa ndani, kati ya bega la tairi na kikombe cha springi, kidole changu cha shahada kinapita kwa shida.

Kwa hesabu ya ndugu wa Nakuru, milimita 18 zikitoka nje nimekwisha kupita ukingo wa madigadi kwa milimita 3, hata kabla gari halijabeba mtu. Seti ya kwanza basi nimeiacha, na ya pili sihitaji kuifikiria tena.

Limejitokeza lingine. Hapa Morogoro kuna mtu anayeuza rimu za inchi 17 zilizotoka kwenye Toyota Wish, matundu matano kwa 100, ambazo anasema zimekaa na ofseti karibu na ya kwangu. Mwingine ana za Volkswagen Golf ya umbo la nne, nazo matundu matano kwa 100, zimeandikwa 17x7J ET38. Kwa hesabu niliyojifunza, hizo za Golf zinatoka nje milimita 10 kuliko zangu na kuingia ndani milimita 10 pungufu, na tairi inabaki na upana wake, kwa hiyo naona zinaingia kwenye zile milimita 15 zilizopo. Je, kuna kitu kingine ninachopaswa kuangalia mbali na upana na ofseti?

Nati_na_Stadi (Tanga)

Kipo, ndugu, na kwa rimu hizo mbili ndicho kitakachoamua. Ni tundu la katikati, lile linalokaa kwenye kichwa cha habu.

Habu ya Forester yako ina kipenyo cha milimita 56.1. Rimu za kiwandani za Toyota zenye matundu matano kwa 100, ziwe za Wish, za Premio, za Allion au za Prius ya umbo la tatu, zina tundu la milimita 54.1. Milimita 2 zinaonekana ndogo mpaka pale unapojaribu kuisukuma rimu na kukuta imegota kabla haijafika kwenye uso wa habu. Nimeona gari ambalo rimu zake zilikazwa hivyo hivyo, kwa kudhani kwamba nati zitazivuta ziingie, na matokeo yake rimu ilikuwa inaegemea kichwa cha habu badala ya kulalia uso wote. Rimu za namna hiyo zinaweza kuchongwa kwa mashine ya leji zifikie 56.1, lakini ni lazima anayechonga aishike katikati yake kamili, la sivyo itatingisha maisha yake yote na hakuna balansi itakayoiponya. Kwa bei ya seti ya Wish, sioni faida.

Za Golf ni kinyume chake. Tundu lake ni 57.1, kwa hiyo litavuka habu yako na kuacha mwanya wa milimita 1 kwa kipenyo. Huo huzibwa kwa ringi nyembamba ya plastiki ngumu au ya alumini yenye kipimo cha 57.1 kwa nje na 56.1 kwa ndani, na wenye maduka makubwa ya tairi huwa nazo. Usikubali kuambiwa kwamba nati zitaiweka rimu katikati zenyewe. Zinaweza zikikazwa kwa utaratibu wa msalaba gari likiwa juu ya jeki, lakini fundi mwenye haraka akiikaza ya kwanza mpaka mwisho, rimu itakaa kando kwa sehemu ya milimita, na utaisikia kwenye usukani ukifika kilomita 80 kwa saa, kisha utapelekwa kufanya balansi ambayo haitasaidia kitu.

Nati nazo zina mambo. Volkswagen hutumia bolti zinazoingia kwenye habu, na mahali bolti inapokaa kwenye rimu za kiwandani pamechongwa mviringo kama nusu tufe. Subaru hutumia stadi, yaani vyuma vyenye uzi vilivyosimama kwenye habu, na nati zenye kichwa cha koni cha nyuzi 60. Ukiikaza nati ya koni kwenye kikalio cha tufe, kinachogusana ni mstari mwembamba wa duara tu. Nati itaonekana imekaza, na baada ya kilomita chache itakuwa imelegea. Itakubidi upate nati zenye kichwa cha tufe, uzi wa milimita 12 kwa 1.25, ambao ndio wa Subaru. Toyota hutumia 12 kwa 1.5, na hizo hazifai kwako hata kama zinaanza kuingia kwa mkono mzunguko mmoja au miwili. Rimu za kiwandani za Toyota za miaka ya nyuma nazo zina nati zake za shingo ndefu na washa bapa, kwa hiyo hata kama ungechonga matundu ya zile za Wish, bado ungeangalia kikalio chake kwanza.

Ukipata nati sahihi, hesabu mizunguko ya kuziingiza kwa mkono. Kanuni ni kwamba urefu wa uzi ulioshikana usipungue unene wa stadi, na kwa stadi ya milimita 12 yenye uzi wa 1.25 hiyo ni karibu mizunguko 10. Ikiwa ni 5 au 6, rimu hiyo ni nene mno kwa stadi zako, na isiende barabarani. Hapo ndipo spesa nyembamba zinazowekwa bila kubadilisha stadi zinapoleta balaa, maana kila milimita ya spesa ni milimita iliyoibwa kwenye uzi.

Mwisho, geuza rimu utafute chapa za JWL na VIA. JWL ni kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi za magari ya abiria, na VIA inaonesha kwamba aina hiyo ya rimu ilipitishwa kwenye majaribio. Rimu ya Kijerumani ya kiwandani haitakuwa na chapa hizo bali alama na namba za mtengenezaji wa gari, na hilo si kasoro. Rimu isiyo na chapa yoyote, hata uzito wa kubeba haujaandikwa, mimi huiacha pale pale ilipo.

Fundi_Kiwalani (Dar es Salaam)

Ninakubaliana na ndugu wa Nakuru kwamba kwa madigadi ni tairi inayohesabiwa, na ndugu wa Tanga amenipunguzia kazi. Nitamalizia kwa njia ya kupima, kwa sababu rimu nyingi za mtumba zimepakwa rangi upya mpaka maandishi yamefutika, na kuna wauzaji wanaotaja ofseti kwa kuikisia.

Ilaze rimu kifudifudi juu ya kipande cha zulia, uso wa urembo ukiangalia chini, bila tairi. Pitisha rula ndefu iliyonyooka juu ya ukingo wa nyuma kutoka upande hadi upande. Pima kutoka chini ya rula hiyo hadi kwenye uso wa kufungia, pale karibu na matundu ya nati. Kisha pima upana wote wa rimu kutoka ukingo hadi ukingo, ambao utakuwa mkubwa kuliko upana ulioandikwa kwa karibu milimita 25, kwa sababu kingo zenyewe zina unene. Gawa upana huo wote kwa mbili, na utoe jibu hilo kutoka kwenye kipimo cha kwanza. Kinachobaki ndicho ofseti. Kwa rimu zako za sasa, upana wote ni kama milimita 203, nusu yake ni 101.6, na ukipima kina utapata kama 149.6, toa, unapata 48. Jaribu kwanza kwenye rimu yako mbovu ili mkono uzoee, ndipo uende dukani.

Kuhusu za Golf, hesabu yako ni sahihi, na milimita 10 kutoka ndani ya nafasi ya 15 inawezekana. Lakini hiyo 15 umeipima gari likiwa tupu na usukani umenyooka. Gari likishuka kwa mzigo, gurudumu hupanda ndani ya madigadi, na mbele hulifanya hilo huku likigeuka. Nyuma ya SH pana mikono miwili ya juu na chini, na kadiri gurudumu linavyopanda ndivyo kichwa chake kinavyoinamia ndani, jambo ambalo linakusaidia. Mbele msaada huo ni mdogo, na mahali pa kuchunguza si ukingo wa chuma pekee bali pia ile plastiki ya ndani ya madigadi upande wa bampa, ambako tairi iliyotoka nje huchora upinde mpana zaidi unapokata kona mpaka mwisho.

Kwa hiyo mwombe muuzaji akuruhusu kufunga mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zikiwa na tairi za 225/55R17. Kabla ya kulishusha gari, zungusha gurudumu kwa mkono uone kama spoku zinapita mbali na kalipa ya breki, maana ofseti na upana havikuambii lolote kuhusu umbo la spoku. Kisha lishushe, wapakize watu watano, geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, na upite polepole juu ya tuta kwa pembe, gurudumu moja likitangulia. Paka chaki nyeupe kwenye bega la tairi kabla ya zoezi hilo, na ukirudi tazama kama chaki imehamia kwenye plastiki au kwenye chuma. Muuzaji anayekataa jaribio hilo kwa rimu ya mtumba, mwachie rimu zake.

Kama ningekuwa mimi ninayechagua bila haraka, nisingechukua hata hizo za Golf. Ningetafuta seti iliyotoka kwenye Subaru yenyewe, inchi 17, upana wa 7J au 7.5J, ofseti kati ya +45 na +50. Ukipata 17x7.5J +48 itaongeza milimita 6.35 za rimu kila upande, na tumbo la tairi litaongezeka kama milimita 2.5 tu kwa ndani, kiasi ambacho kidole chako kimekwisha kukipa nafasi. Tundu la katikati litakuwa 56.1, nati zako za sasa zitakaa, na hutahitaji ringi wala leji. Hakikisha tu kwamba hazitoki kwenye Impreza STI za kuanzia mwaka 2005, kwa sababu hizo zina matundu matano kwa 114.3, na wapo wauzaji watakaokuambia kwamba Subaru zote ni 100.

Mlima_Uluguru (Morogoro)

Nimeelewa, wakuu, na ninashukuru kwa muda wenu. Nitaacha za Wish na za Golf, na nimemwagiza jamaa wa Gerezani anitafutie za Subaru 17x7J au 7.5J kwa vipimo hivyo, kwa sharti kwamba nitazifunga mbili kwa majaribio kabla ya kulipa. Amekubali sharti, ingawa alicheka aliposikia habari ya chaki. Fundi wangu nimemwonesha hesabu hizi, na swali lake ni kama nati za sasa azikaze kwa bunduki ya upepo kama alivyozoea.

Nati_na_Stadi (Tanga)

Bunduki aitumie kufungulia. Kukaza aanze kwa mkono, kisha wili spana kwa utaratibu wa msalaba gurudumu likiwa juu, na amalizie kwa spana yenye kipimo gari likiwa chini, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukishatembea kama kilomita 50 hadi 100, simama uzipitie tena zote, kwa kuwa aloi hujipanga upya kidogo baada ya kufungwa mara ya kwanza. Kabla ya hayo yote, asugue uso wa habu kwa brashi ya waya aondoe kutu na mabaki ya rangi.